Nani Alimchekesha Greta Garbo?

Mtu anaingia mkahawani, anaagiza kahawa isiyo na krimu. Mhudumu anakwenda, anakawia kidogo, kisha anarudi na uso wa kuomba radhi: krimu imekwisha, je, bwana ataridhika na kahawa isiyo na maziwa? Mzaha huo umo katika Ninotchka, filamu ya mwaka 1939, na anayeutoa ni Leon, kabaila wa Paris mwenye suti nzuri na kazi isiyojulikana. Anayechekeshwa ni Ninotchka, yaani Greta Garbo, mjumbe wa serikali ya Kisovieti, uso mkavu kama ubao. Hacheki. Leon anabembeleza, anakasirika, mwisho anaegemea kwa maringo, kiti kinamsaliti, naye anaporomoka na meza na vyombo vyake. Mwanamke aliyekuwa jiwe anaangua kicheko mpaka anaishiwa nguvu. Studio ya MGM iliitangaza filamu nzima kwa maneno mawili tu: Garbo anacheka.

Watu watatu waliitazama filamu hiyo Jumamosi moja jioni, dele la kahawa likiwa katikati yao. Kahawa yenyewe ilikuwa chungu, haina krimu wala maziwa, kwa hiyo mzaha wa Leon ulichelewa kidogo kuwafikia. Mmoja wao ni Mwalimu, mstaafu aliyefundisha fasihi miaka mingi. Wa pili ni Mhariri, binti anayekata na kuunga picha za tamthilia za televisheni. Wa tatu ni Wakili, anayependa sinema kuliko anavyokubali mbele ya wateja wake. Tuwaite hivyo hivyo kwa kazi zao, maana wao ni wa kubuni. Yale waliyogombania hayakubuniwa.

"Lubitsch ni Lubitsch," alisema Mhariri picha ilipokwisha. "Mwongozaji mwingine yeyote angeiharibu."

"Na Brackett je?" aliuliza Mwalimu.

"Brackett nani, Mwalimu?"

Hapo dele likarudishwa jikoni kujazwa upya, kwa kuwa ilikuwa dhahiri kwamba hakuna atakayelala mapema.

Charles Brackett alizaliwa Novemba 1892 huko Saratoga Springs, jimbo la New York, katika nyumba isiyojua njaa. Baba yake alikuwa wakili na seneta wa jimbo, na mwana akafuata nyayo: Chuo cha Williams, kisha shahada ya sheria Harvard mwaka 1920. Lakini sheria aliishika kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa ukiandika riwaya na hadithi za magazeti, na kati ya 1925 na 1929 akawa mhakiki wa tamthilia wa gazeti la The New Yorker, lililokuwa changa wakati huo. Alipotua Paramount mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa anakaribia arobaini, mtu wa makamo kwenye kazi ya vijana.

Mwaka 1936 studio ikamfunga nira moja na kijana wa miaka thelathini aliyekuwa bado anakisaka Kiingereza. Billy Wilder alizaliwa 1906 katika mji wa Sucha, Galicia, enzi za dola ya Austria na Hungaria. Alikuwa Myahudi, mwandishi wa habari na wa filamu mjini Berlin, na aliondoka Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933. Brackett alikuwa Mrepublican, mtaratibu, mtu wa tai. Alijilaza kwenye kochi na karatasi zake. Wilder hakutulia, alizunguka chumba huku fimbo ikicheza mkononi. Maneno yakigoma kuja, walicheza karata. Kati ya 1938 na 1950 filamu 13 zilitoka zikibeba majina yao mawili, na Hollywood ikazoea kuyatamka kwa pumzi moja, kama duka la ndugu.

"Sikatai kwamba waliandika," alisema Mhariri. "Lakini tazama ulichokiona sasa hivi. Maneno ya Leon hayakumchekesha yule mama. Mzaha ulioandikwa umeshindwa mbele ya macho yetu! Kilichomchekesha ni mwili: mtu kaanguka. Nani kaupanga mwili ule mbele ya kamera? Nani kaamua Garbo abaki mkavu kwa sekunde ngapi? Mimi kazi yangu ni hizo sekunde, Mwalimu. Ukikata mapema kidogo tu, kicheko kinakufia mikononi."

Mwalimu alitabasamu kama mtu aliyeletewa deni lake mlangoni. "Mwanangu, umeniletea ushahidi wangu mwenyewe. Kushindwa kwa ule mzaha kumeandikwa. Leon angeanguka mara tu alipoingia, ungekuwa na mtu aliyeanguka, basi. Anachekesha kwa sababu amekwisha kutumia dakika kadhaa akijiona mjanja, akimtegea mwanamke vimaneno kimoja baada ya kingine. Na kumbuka aliyeanguka ni nani. Ni kabaila. Na anayecheka ni mkomunisti aliyefundishwa kwamba makabaila wataanguka. Hiyo ni siasa imefungwa ndani ya kiti kibovu. Kamera haiwezi kuwaza hayo."

Hoja hiyo ilimnyamazisha Mhariri kwa muda wa kikombe kimoja.

Wakili ndiye aliyevuruga. Alikumbusha kwamba mswada wa Ninotchka una majina matatu, Brackett, Wilder na Walter Reisch, juu ya hadithi ya Melchior Lengyel, na kwamba hakuna anayeweza kunyoosha kidole na kusema kiti kile ni cha Brackett. "Ukinipa mali yenye wamiliki wanne na mpaka usiopimwa," alisema, "sitakuandikia hati."

"Basi mimi ninao mpaka uliopimwa," alirudi Mhariri, na akaleta kisa cha kofia.

Kisa chenyewe ni hiki. Ninotchka anapofika hotelini Paris anaona kwenye kabati la kioo kofia ya ajabu, iliyochongoka kama faneli. Anaitikisia kichwa: ustaarabu unaowaruhusu wanawake kuvaa kitu kile hauwezi kudumu. Baadaye sana, akiwa peke yake chumbani, anafunga mlango, anaitoa kofia ile ile alikoificha, anaivaa, anajitazama. Hasemi neno. Mtazamaji anajua kwamba mambo yamekwisha. Wilder alisimulia uzeeni kwamba waandishi walijaza kurasa kutafuta namna ya kuonesha badiliko hilo, mpaka Lubitsch alipotoka msalani na jibu kamili: ni kofia.

"Umesikia?" alisema Mhariri. "Mwongozaji. Tena msalani. Na jina lake hakuliweka kwenye uandishi."

"Huo ni ushahidi wa kusikia," alisema Wakili. "Brackett alikufa Machi 1969. Wilder alikufa 2002, ana miaka 95. Hesabu mwenyewe: miaka 33 ya mahojiano, mhojiwa mmoja, mwenzake yuko kaburini. Karibu kila kisa tunachokijua kuhusu chumba kile kimepita kinywa cha aliyebaki hai."

"Lakini hapa anasema jibu halikuwa lake. Kaka Wakili, mtu anayetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, si ndiye mnayemwamini zaidi?"

Wakili alikubali kwamba ndiye, akaomba kashata.

Hata hivyo alilosema juu ya aliyebaki hai lina uzito kuliko alivyolipa yeye mwenyewe. Jina la Brackett halikufutwa na mtu. Lilififia tu, jinsi jina la marehemu linavyofifia nyumba inapobaki na msimulizi mmoja hodari. Na Wilder alikuwa hodari hasa. Visa vyake vilikuwa na mwanzo, kati na mwisho, kila kimoja na kibwagizo chake. Brackett naye aliacha shahidi, ila shahidi huyo alikaa kimya muda mrefu: shajara. Sehemu ya miaka 1932 hadi 1949 ilichapishwa na Columbia University Press mwaka 2014, ikiwa imehaririwa na Anthony Slide. Humo mna ugomvi wa asubuhi na suluhu ya jioni, nani alikula na nani, ukurasa gani ulikataa kukaa sawa. Si kitabu cha kujisifu. Ni daftari la mtu aliyekuwa kazini kila siku.

Mwalimu alipenda kusema kwamba waandishi hao wawili waligawana lugha, mmoja akiwa na sarufi na mwingine akiwa na sikio. Mfano wake ulikuwa Ball of Fire ya mwaka 1941, iliyoongozwa na Howard Hawks. Maprofesa wanane wamejifungia nyumbani wanaandika ensaiklopidia. Mmoja wao, anayeigizwa na Gary Cooper, amefika kwenye lugha ya mitaani na anagundua kwamba maneno aliyokusanya yamechacha, hayasemwi tena na mtu yeyote. Anatoka kwenda kuyatafuta mapya, na anarudi na Barbara Stanwyck, mwimbaji wa klabu ya usiku anayekimbia polisi. "Fikiria jopo la wazee wa kamusi," alisema Mwalimu, "halafu mlango unafunguliwa na dada mmoja mwenye misemo yote ya mjini." Hadithi ya kwanza ilikuwa ya Wilder na Thomas Monroe. Mgeni kama yeye ndiye anayeshangaa kwamba neno linaweza kuwa na maana nne. Lakini ili mzaha wa lugha usimame, lazima profesa azungumze Kiingereza kisicho na doa hata chembe, na hicho Brackett alikinyonya na maziwa.

Tena ilikuwa enzi ya ukaguzi. Kuanzia 1934 kila mswada ulipita mezani kwa Joseph Breen, msimamizi wa kanuni za maadili za Hollywood, na kitanda kilikuwa kitu cha hatari. Katika Bluebeard's Eighth Wife, filamu yao ya kwanza pamoja, mwanamume anaingia dukani kule Riviera ya Ufaransa akitaka kununua pajama, lakini shati tu, maana suruali havai. Duka linakataa kuitenganisha seti. Anatokea mwanamke anayetaka suruali peke yake. Hawajaambiana hata majina, na tayari wamegawana nguo za kulalia. Breen angefuta nini hapo? Hakuna kitanda, hakuna busu, kuna biashara ya rejareja tu.

"Hiyo nakupa," alisema Mhariri. "Ile ni ya kwenye karatasi."

Ugomvi ulihamia kwenye mende.

Mwaka 1941 Brackett na Wilder waliandika Hold Back the Dawn, juu ya mkimbizi wa Ulaya aliyekwama mpakani mwa Mexico akingoja viza ya kuingia Marekani. Wilder aliwahi kukwama hivyo hivyo. Waliandika onesho ambalo mkimbizi, amelala kitandani katika hoteli chafu, anamwona mende anapanda ukutani, anamzuia kwa fimbo, anamuuliza makaratasi yake yako wapi. Charles Boyer, stelingi wa picha, alikataa. Alisema haiwezekani kuzungumza na mende, mende hajibu. Mwongozaji Mitchell Leisen alimkubalia, na onesho likatoka. Wilder alisema waandishi walilipiza kwa kuipunguza sehemu ya Boyer katika kurasa walizokuwa hawajamaliza, na kumpa Olivia de Havilland maneno mengi zaidi.

"Sasa mnaona?" Mwalimu alipaza sauti kwa mara ya kwanza usiku ule. "Mende yule ndiye alikuwa futuhi nzima na msiba mzima! Mtu asiye na karatasi anamkagua mdudu asiye na karatasi. Mwigizaji akasema sitaki, mwongozaji akasema haya. Uniambie tena, binti yangu, kuhusu mwongozaji."

Mhariri hakuwa na la kujibu, isipokuwa kwamba hata yeye angemwacha mende.

Kilichofuata kinajulikana, ila nusu yake tu. Preston Sturges alikwisha kufungua mlango Paramount mwaka 1940: aliuza mswada wa The Great McGinty kwa dola 10 kwa sharti kwamba yeye mwenyewe aongoze. Wilder akapita mlango huo huo mwaka 1942 na The Major and the Minor, futuhi ya mwanamke mzima, Ginger Rogers, asiye na nauli kamili ya treni, anayejifanya mtoto wa miaka kumi na miwili ili alipe nusu. Nusu isiyosimuliwa ni ya Brackett. Yeye hakwenda kwenye kamera. Kuanzia Five Graves to Cairo ya 1943 alikwenda kwenye kiti cha mtayarishaji.

"Na hapo ndipo ninapomkosea heshima," alisema Mhariri. "Mbona hakushika kamera? Mtu mwenye picha kichwani hakai ofisini."

Kwetu neno mtayarishaji lina bahati mbaya. Wengi hulisikia na kumwona mtu anayelipia basi la wasanii na sahani za wali. Mwalimu alitumia neno lingine: mshenga. Mshenga ndiye anayeingia nyumba ya wenye fedha na nyumba ya wenye kipaji, anajua nani ana aibu gani, anabeba maneno makali na kuyafikisha yakiwa laini. Harusi ikifana, picha wanapigwa bwana na bibi. Ikivunjika, anatafutwa yeye. Brackett aliamua riwaya ipi inunuliwe, nani aitwe, bajeti ivumilie nini, na Breen aoneshwe kurasa zipi. Chini yake kama mtayarishaji zilitoka The Lost Weekend ya 1945, iliyochukua Oscar nne ikiwemo ya filamu bora, A Foreign Affair ya 1948, iliyopigwa kwenye vifusi vya Berlin na kuthubutu kucheka humo humo, na Sunset Boulevard ya 1950. Mswada wa hiyo ya mwisho ulipelekwa kwa wakaguzi vipande vipande kwa jina la uongo: Kopo la Maharage.

"Mimi nilidhani Sunset Boulevard si futuhi," alisema Wakili.

Ni futuhi iliyooza, na hilo lilisemwa kwa sifa. Wazo lilianza kama kichekesho juu ya nyota wa sinema bubu aliyesahauliwa. Mwanzo wa kwanza uliopigwa ulikuwa chumba cha maiti, ambamo marehemu wanaelezana walivyokufa. Walipoipeleka kwenye onesho la majaribio huko Evanston, Illinois, watazamaji walicheka mahali ambapo hawakutarajiwa kucheka, na chumba cha maiti kikatupwa. Badala yake tunamwona William Holden akielea kifudifudi bwawani, tayari amekufa, akitusimulia. Anaigiza nani? Mwandishi wa miswada ya filamu. Mwalimu aliona hapo kisasi cha miaka kumi na miwili.

Na katika filamu hiyo hiyo ndipo nyumba ilipopasuka. Inasimuliwa kwamba waligombana vikali juu ya mfululizo wa picha fupi unaomwonesha Norma Desmond, yaani Gloria Swanson, akikandwa, akifukizwa na kupakwa dawa ili arudi ujanani. Brackett aliona ni ukatili. Wilder aliona bila ukatili huo hakuna filamu. Mfululizo ulibaki.

"Na Wilder alikuwa sahihi," alisema Mhariri, polepole. "Hapa siongei kama shabiki, naongea kama fundi. Vipande vile vikitoka, mama yule anakuwa mwendawazimu tu. Vikikaa, unajua amelipa nini. Brackett alitaka kumstahi. Kwenye chumba cha kuhariri, kustahi kunaua picha."

Mwalimu hakubisha. Labda hapo ndipo alipopoteza pointi kubwa kuliko zote, na alijua.

Oscar ya mswada waliipata, wakigawana na D. M. Marshman. Kisha wakaachana. Wilder ndiye aliyetaka. Baadaye alifananisha ushirika wao na kibiriti ambacho ubavu wake umechakaa, kijiti hakiwaki tena. Brackett alihamia Twentieth Century-Fox, na hapo ndipo Mhariri alipofungua daftari la hesabu.

"Tuseme ukweli. Baada ya 1950 Wilder ana Some Like It Hot ya 1959 na The Apartment ya 1960, na hiyo ya pili ikampa Oscar tatu usiku mmoja. Brackett ana nini? Titanic ya 1953, meli inazama. Niagara mwaka huo huo, Marilyn Monroe na maporomoko. The King and I ya 1956, nyimbo. Journey to the Center of the Earth ya 1959, mapango. Mswada wa Titanic ulipata Oscar, sawa. Lakini nionesheni kicheko. Mtu wa futuhi aliyeacha kuchekesha ameacha kazi."

Wakili aliinua kidole. "Pingamizi moja, dada. Umesema Wilder ana hizi, kana kwamba aliziandika peke yake. Some Like It Hot na The Apartment ameziandika na I. A. L. Diamond. Kabla ya Diamond walikuwepo wengine. Taja futuhi moja ya Hollywood ambayo Wilder aliiandika bila mtu wa pili chumbani."

Hakuna aliyeitaja, kwa kuwa haipo.

"Kwa hiyo swali si kama Wilder alimhitaji mwenzi," aliendelea Wakili. "Alimhitaji maisha yake yote. Swali ni kwa nini Diamond tunamkumbuka kama mwenzi, na Brackett tunamkumbuka kama hatua."

Sababu moja ni mitindo ya wahakiki. Mwaka 1954 François Truffaut alichapisha katika Cahiers du cinéma shambulio lake maarufu dhidi ya sinema ya waandishi wa miswada, na baada ya hapo heshima yote ikaelekezwa kwa mwongozaji kama mwenye filamu. Andrew Sarris aliibeba imani hiyo Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ajabu ni kwamba hata Wilder hakunufaika mara moja: katika kitabu cha 1968 Sarris alimpanga kwenye kundi la wale ambao thamani yao ni ndogo kuliko mwonekano. Baadaye alijirudi. Kwa Brackett hakukuwa na wa kujirudi, maana hakupangwa popote.

Sababu nyingine ni tabia. Brackett alipenda kamati. Aliongoza Chama cha Waandishi wa Filamu mwaka 1938 hadi 1939, waandishi walipokuwa wakipigania kutambuliwa na studio. Alikuwa rais wa Akademia inayotoa Oscar kuanzia 1949 hadi 1955, na ni katika urais wake, Machi 1953, tuzo hizo zilipooneshwa kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Mwaka 1958 Akademia ikampa Oscar ya heshima kwa utumishi. Watu wa aina hiyo hujengewa ukumbi, si hekaya.

Makala haya hayawezi kujifanya hayana upande. Mhariri alishinda kwenye vipande vya Norma Desmond, na alishinda pia kwenye miaka ya Fox. Brackett aliyekuwa na mtu wa kumpinga kila asubuhi aliandika futuhi zenye meno, na Brackett aliyebaki na watu wa kumkubalia akatayarisha picha za rangi, za skrini pana, nzuri, zisizouma. Lakini kosa kubwa ni kuichukua miaka ya 1938 hadi 1950 na kuiita ya Wilder, eti kwa kuwa Wilder ndiye aliyeendelea kung'ata. Ninotchka haikuongozwa naye. Wala Midnight, futuhi yao nyingine ya miaka hiyo, wala Ball of Fire. Kama futuhi ni ya anayeshika kamera, basi hizo si za Wilder hata kidogo. Kama ni ya aliyekaa mezani na karatasi, basi Brackett ana nusu, na nusu hiyo haijawahi kulipwa.

"Zipo mbili umezisahau," Mwalimu alimwambia Mhariri, dele likiwa limebaki machicha. "Mbili za 1951, Wilder hayupo chumbani. The Model and the Marriage Broker, ya George Cukor, ambayo shujaa wake ni mwanamke mshenga."

"Mshenga? Mwalimu unatunga."

"Situngi. Thelma Ritter ndiye mshenga. Na ya pili ni bora zaidi. The Mating Season. Mama ana kibanda cha hambaga, kinafilisika. Anakwenda mjini kwa mwanawe aliyeoa binti wa watu wakubwa. Anabisha hodi, mkamwana anadhani ni mpishi aliyeagizwa kwa ajili ya karamu. Mama anatazama nyumba, anatazama aproni, anaivaa. Anakaa humo kama mtumishi wa mkwewe, na mwana anajua."

Mhariri alikuwa ameshaanza kucheka. Kila mtu barazani pale alikuwa na shangazi ambaye angefanya hivyo hivyo, au mkamwana ambaye angekosea hivyo hivyo.

"Kaandika nani?"

"Brackett, Walter Reisch na Richard Breen. Katayarisha Brackett."

"Kaongoza nani?"

"Mitchell Leisen."

"Yule wa mende?"

Huyo huyo. Wilder hakumsamehe Leisen hata uzeeni. Brackett alimwita tena mwaka 1946 aongoze To Each His Own, filamu iliyompa Olivia de Havilland Oscar yake ya kwanza, kisha akamkabidhi The Mating Season. Thelma Ritter aliteuliwa kuwania Oscar kwa ile aproni. Wataitazama Jumamosi ijayo, na Mhariri ameahidi kuleta maziwa.